Namba za fildi zikigoma: shida zinazojirudia ukijifunza kupima maji ya ardhini, na pa kuanzia

Kila msimu wa kiangazi simu yangu inajaa. Wengine ni wanafunzi walio kwenye mafunzo kwa vitendo, wengine wameajiriwa juzi tu na kampuni ya kuchimba visima, wamepewa mashine na gari na kuambiwa haya nendeni. Maswali ni yale yale, kwa hiyo nimeamua kuyaandika yote hapa kwa kufuata dalili, yaani unachokiona wewe pale ulipo. Mifano yangu mingi ni ya Dodoma na Singida kwenye granaiti maana huko ndiko nimechakaza viatu, na pwani kidogo.

Utaratibu wangu ni mmoja: kwanza shuku vitu vya juu ya ardhi, yaani waya, betri, tepu, daftari na wewe mwenyewe. Mwamba ni wa mwisho kulaumiwa. Vijana wengi wanafanya kinyume, namba ikiwa ya ajabu tu wameshachora ufa chini ya ardhi.

Mashine ya VES haisomi, au mkondo ni mdogo mno

VES ni kupima ukinzani wa ardhi, yaani inavyozuia umeme: vigingi viwili vya nje, A na B, vinapeleka umeme, viwili vya ndani, M na N, vinapima volti, na unapanua AB ili uone chini zaidi. Sababu namba moja, na sio kwa kubahatisha, ni kigingi kwenye udongo mkavu. Dodoma mwezi wa tisa udongo wa juu umekauka kama kigae, unagonga kigingi kinasimama vizuri lakini umeme haupiti. Mwagia maji ya chumvi pale kigingi kilipo, subiri dakika mbili tatu yanywewe, gonga tena kidogo, pima. Bado? Ongeza kigingi cha pili na cha tatu pembeni, viunganishe kwa waya mfupi, utaona mkondo unapanda. Ila angalia, mwanzoni kabisa ukiwa na AB/2 (nusu ya umbali kati ya vigingi vya nje) ya mita 1.5 usizamishe kigingi zaidi ya sentimita chache wala usimwage dimbwi, maana hesabu nzima inachukulia kigingi kama nukta, wewe ukiweka nguzo na bwawa umeshaharibu.

Pili ni betri. Betri ya gari iliyojaa, ikiwa imetulia, inasoma kama volti 12.6, ikishuka chini ya 12 usipoteze muda, badilisha. Tatu ni waya uliokatikia ndani, ngozi ya nje nzima lakini shaba imekatika, hii inatesa watu siku nzima. Chukua maltimita, pima roli moja moja mwanzo hadi mwisho, na kila kiungio cha tepu nyeusi kifungue ukikague. Nne, usicheke, ni mbuzi. Au watoto. Waya umelala mita 150 huko porini, mbuzi kapita kavuta kigingi na wewe huoni. Mtume mtu akatembee mstari mzima kabla hujafungua mashine.

Onyo hapa: mashine nyingi zinapeleka volti mia kadhaa kwenye vile vigingi vya nje. Hakuna kupima mpaka watu wa pande zote mbili wamejibu kwa redio au filimbi kwamba wameachia, na watoto wa kijiji wakae mbali na kigingi. Ukisikia radi, hata ya mbali, chomoa nyaya kwenye mashine na muondoke. Mashine ikikupiga shoti kwenye boksi lenyewe, acha, hiyo ni ya fundi wa elektroniki, usiifungue.

Inasoma, lakini kila nikirudia inatoa namba nyingine

Ukirudia mara 4 na namba zinatofautiana kwa asilimia moja mbili, hiyo ni kawaida, chukua wastani uendelee. Ikiwa mara 38 mara 71 hapo pana shida.

Anza na vigingi vya ndani, MN. Watu wanahangaika na vya nje wanasahau kwamba vya ndani ndivyo vinavyosikiliza. Hamisha sentimita kumi, mwagia maji, futa kutu. Halafu uliza, je volti ninayopima imekuwa ndogo mno? Ukizidi kupanua AB huku MN ile ile, ishara inakuwa mnong'ono na kelele zinaimeza. Panua MN, ila MN isizidi sehemu ya tano ya AB, na kila unapobadilisha rudia vituo viwili vya nyuma kwa MN zote mbili ili uone zinavyoachana.

Kama bado, inua macho. Nguzo za umeme? Senyenge? Bomba la chuma la mradi wa zamani? Sasa hivi Dodoma kuna na reli ya umeme. Geuza mstari ukatize kitu hicho badala ya kwenda nacho sambamba, au hama kabisa. Asubuhi na umande pia nyaya zilizochubuka zinavujisha umeme kwenye majani, jua likitoka shida inaisha yenyewe mpaka unadhani ni uchawi.

Grafu inapanda kama ukuta, au ina meno meno

Hapa pana kipimo kizuri sana ambacho wengi hawakijui. Kwenye mpangilio wa Schlumberger, yaani huu wa vigingi vinne kwenye mstari mmoja na MN fupi katikati, ukichora ukinzani dhidi ya AB/2 kwenye karatasi ya logi mbili (mizani ya logi pande zote), mkunjo hauwezi kupanda kwa zaidi ya nyuzi 45 ardhi ikiwa ya matabaka yaliyolala. Ukipanda kuliko hapo ujue ni kosa lako au kuna kitu kimesimama wima pembeni. Kwa hiyo chora palepale fildi, kwa penseli, usingoje laptopu ya jioni gesti.

Kosa kubwa ni kipande cha hesabu, K, namba unayozidisha na ohm za mashine upate ukinzani wa ardhi. Fomula ni pai mara (AB/2 ya mraba kutoa MN/2 ya mraba) gawa kwa MN. Tuseme AB/2 ni mita 10 na MN ni mita 1, K inatoka kama 313. Mashine ikikupa 0.2 ohm unapata ohm-mita 63 hivi. Sasa kijana kaingiza AB nzima, 20, badala ya nusu, K inakuwa 1,256 na jibu ni ohm-mita 251. Mara nne! Na akikosea hivyo kwenye vituo viwili tu katikati ya vingine, ndio unapata yale meno. Ukiona namba moja imeruka mara nne hasa, usiende mbali.

Kinachofuata ni tepu. Mtu wa kushoto yuko mita 40 wa kulia yuko 45, kila mmoja ana uhakika. Funga utambaa wa rangi kwenye waya kwa kila umbali kabla ya kuondoka nyumbani, kelele zinaisha.

Mruko mdogo pale unapobadilisha MN ni wa kawaida, tunasogeza kipande kizima kikutane na kingine. Mruko mkubwa maana yake udongo wa juu pale katikati haufanani, rudia VES mita 50 pembeni au geuza mwelekeo.

Nilisema maji yapo mita 80, wamechimba wamekuta kavu

Hii ndio inayouma, maana hela ya mtu imekwenda na kijiji kizima kinakuangalia.

Kosa la kwanza ni kuamini kwamba AB/2 ya mita 100 inaona mita 100. Haioni. Mara nyingi unachosikia kwa uhakika kinaishia kwenye robo mpaka theluthi ya AB, na kama juu pana udongo unaopitisha umeme sana ni pungufu ya hapo. La pili, ukinzani mdogo sio maji. Udongo mweusi wa mbuga una ukinzani mdogo sana na ukiufinya hautoi hata kijiko, na maji ya chumvi nayo hivyo hivyo. Namba ya ohm-mita 8 Dodoma inaweza kuwa mfinyanzi mtupu. La tatu ni kwamba programu ya kompyuta inatoa mifano mingi tofauti inayolingana na mkunjo ule ule, tabaka nene lenye ukinzani fulani au jembamba lenye mwingine, vyote vinakaa sawa kwenye skrini, wewe ukachagua ule unaopendeza.

Sasa ufanyeje. Kwenye granaiti maji yanakaa sehemu mbili: kwenye mwamba uliooza, hasa chini yake karibu na mwamba mgumu, na kwenye nyufa. VES moja haikuonyeshi ufa ulikopita. Kwa hiyo kabla ya VES angalia picha za satelaiti, tafuta mistari iliyonyooka ya mito na miti, halafu fildi katiza huo mstari kwa kupima mlalo, umbali wa vigingi ule ule unahama kituo kwa kituo, pale ukinzani unapozama ndipo unapiga VES. Na tembelea visima vilivyopo. Piga VES moja kando ya kisima ambacho kumbukumbu zake za uchimbaji zipo, uone mwamba uliooza wenye maji pale unasoma ngapi, hapo ndipo namba zako zitakuwa na maana. Wazee wa kijiji waulize pia, mkuyu mkubwa wenye majani mabichi mwezi wa kumi hauko pale kwa bahati, ingawa mkuyu hautakuambia lita ngapi kwa saa.

Hapa ndipo pa kuacha kabisa kama bado unajifunza: ripoti ya mahali pa kuchimba isainiwe na mtaalamu mwenye leseni, na uchimbaji uwe na kibali cha Bodi ya Maji ya Bonde. Usimwambie mteja "chimba hapa" kwa simu.

Dipu mita inatoa kina tofauti kila mtu akipima

Dipu mita ni tepu yenye ncha inayolia ikigusa maji. Watatu wamepima kisima kimoja asubuhi moja: 23.41, 23.86, 23.40. Wakaanza kubishana kuhusu pampu ya jirani. Nikawaomba tepu nikapima kimo cha kesingi (bomba linaloshikilia kuta za kisima) juu ya ardhi, sentimita 45. Basi. Mmoja kaandika kutoka mdomo wa kesingi, wawili wameshatoa kimo cha kesingi kichwani na hawajaandika. Chora alama ya rangi kwenye mdomo wa kesingi, pima kutoka pale siku zote, na kimo kiandikwe safu yake peke yake.

Ikiwa sio hilo: kisima kimepumpiwa usiku na maji bado yanarudi (pima mara mbili, ukiache dakika 10). Au kengele inalia mapema kwa sababu maji yanachuruzika kutoka ufa wa juu, au kuta za bomba zimelowa, basi shusha zaidi taratibu mpaka sauti iwe moja isiyokatika, kisha panda na kushuka mara tatu. Au hailii kabisa: betri, au ncha ina matope, itumbukize kwenye kikombe cha maji uone. Kwenye visima vyenye pampu ya mota wakati mwingine kuna mafuta yanaelea juu ya maji na ncha inapita bila kulia.

Halafu kuna lile la tepu iliyokatwa. Ofisi moja niliyopitia, tepu ilinasa kwenye kebo ya pampu, wakaikata mita moja ya mwanzo wakaunganisha ncha upya, hakuna aliyeandika popote. Kila kisima kwenye wilaya kikaonekana kimeshuka mita 1, ripoti ikaandikwa kuhusu ukame. Linganisha dipu mita yako na tepu ya kawaida, dakika tano.

Tepu ikinasa, usivute kwa nguvu na usijaribu kung'oa pampu mwenyewe. Ita watu wa pampu.

Loga inaonyesha maji yanapanda na kushuka mara mbili kwa siku

Loga ni kifaa kinachoachwa ndani ya maji ya kisima kikirekodi chenyewe. Wengi wanadhani imeharibika. Loga nyingi zinapima uzito wa maji pamoja na hewa iliyo juu yake, na huku kwetu karibu na ikweta mgandamizo wa hewa una mdundo wake, unapanda karibu na saa nne asubuhi na saa nne usiku, ukishuka katikati. Tofauti ya hektopaskali 1 ni kama sentimita 1 ya maji, kwa hiyo mawimbi ya sentimita 3 au 4 ni hewa tu. Weka loga ya pili juu nje ya maji, toa namba zake.

Ukiwa pwani, Dar, Bagamoyo, Mombasa, hata ukishatoa hewa mawimbi yanaweza kubaki, na hiyo ni bahari inasukuma. Kuzitofautisha ni rahisi: hewa inashika saa zile zile kila siku, bahari inachelewa kama dakika 50 kila siku, tena inakuwa kubwa wakati wa bamvua na kulegea wakati wa maji mafu. Mvuvi yeyote atakusomea hiyo grafu.

Tunapampu, maji yameacha kushuka dakika ya 40, mteja anashangilia

Hili ni jaribio la kupampu, unatoa maji huku ukipima yanavyoshuka kisimani. Mwambie asubiri. Sababu inayotokea sana ni kwamba pampu imepunguza kasi, sio kisima kimekuwa bahari. Maji yakishuka pampu inainua mbali zaidi na kutoa kidogo, au jenereta inaishiwa. Chukua ndoo ya lita 20 na saa. Mwanzoni ilijaa kwa sekunde 12, hiyo ni mita za ujazo 6 kwa saa, sasa inajaa kwa sekunde 15, ni 4.8. Jibu hilo hapo. Rekebisha kwa vali, na pima ndoo mara tatu kila unapopima.

Pili, bomba lako linamwaga wapi? Nimeona watu wanamwaga mita 10 kutoka kisimani, kwenye mchanga, wanapampu maji yale yale yanazunguka. Peleka mbali, upande wa mteremko. Baada ya hayo mawili ndipo ufikirie mto au bwawa la karibu linalolisha kisima.

Kinyume chake, mstari wa grafu ya kushuka kwa maji ukivunjika ghafla kwenda chini zaidi: maji yamepita ufa uliokuwa unatoa, au mwamba usio na maji umefikiwa pembeni, au skrini (bomba lenye matundu ya kuingiza maji) imeziba. Na dakika za kwanza kabisa usizitumie kwenye hesabu, hapo unapampu maji yaliyokuwa yamekaa ndani ya kesingi tu.

Usiache kupima kurudi kwa maji baada ya kuzima. Najua saa hizo ni usiku, mbu, kila mtu anataka gesti. Lakini wakati huo pampu haipo kuyumbisha chochote, ndio data ninayoiamini kuliko zote. Kama dakika ya kwanza yameruka juu mno, huenda vali ya kuzuia imechoka na maji ya bombani yamerudi chini.

Zima mara moja maji yakikaribia pampu, au yakianza kutoka na mchanga, au kebo ikinukia. Mota inayofanya kazi kavu inaungua, na umeme wa kisimani ni wa fundi umeme tu.

Mita ya EC na pH hazieleweki

EC ni uwezo wa maji kupitisha umeme, unapanda chumvi ikizidi. Kalibreti kwanza, EC kwa maji maalumu ya mikrosimensi 1,413 kwa sentimita, pH kwa 7 halafu 4 au 10, asubuhi ya siku hiyo hiyo. Angalia kama mita inarekebisha joto hadi nyuzi 25, maana bila hivyo EC inayumba kama asilimia 2 kwa kila nyuzi moja. Na maji yaliyolala kisimani sio maji ya ardhini. Kesingi ya inchi 6 yenye maji ya mita 30 ina lita kama 530, toa mara tatu ya hapo au mpaka namba zitulie, ndipo ujaze chupa.

EC ikipanda huku mnapampu pwani, punguza kasi au zima. Kwa kanuni ya zamani, kila mita 1 ya maji matamu juu ya usawa wa bahari inashikilia kama mita 40 chini yake, ukiishusha hiyo mita moja chumvi inapanda, na ikishapanda hairudi haraka. Floraidi ni habari nyingine, EC haikuambii na ulimi haukuambii. Kwa maji ya kuzunguka Mlima Meru na maeneo ya bonde la ufa peleka sampuli maabara kwa chupa ya plastiki, kiwango cha WHO ni miligramu 1.5 kwa lita, na kuchemsha hakuondoi, kunazidisha.

Kisima kwenye ramani kimeangukia wilaya nyingine

Kanda ya UTM, ule mfumo wa ramani unaogawa dunia kwa kanda za longitudo. Ukitoka Dodoma mjini kwenda Kongwa unavuka longitudo ya 36, mjini uko kanda ya 36, huko uko 37. Karibu na mstari huo namba ya mashariki inaruka kutoka laki 8 na kitu mpaka laki 1 na kitu, hivyo bila kuandika kanda data yako haina mwenyewe. Kama kimehama mita 300 hivi tu kwenda kaskazini au kusini, umechanganya misingi miwili ya vipimo vya ramani (datum), WGS 84 ya GPS na Arc 1960 ya ramani za zamani.

Kisima cha mkono, kifaa kimeanguka ndani

Kiache. Usishuke, hata mita 6, hata kama mwenye kisima anashuka kila mwaka. Hewa ya chini inaweza kuwa haina oksijeni na huisikii harufu, anaanguka wa kwanza, wa pili anashuka kumwokoa naye anaanguka. Mshumaa haukulindi, moshi wa injini unaua na mshumaa ukiwa unawaka vizuri tu, ndio maana pampu ya petroli haishushwi kisimani kamwe. Mtu akiwa ameshaanguka ndani ita zimamoto, 114, na wazuie wengine kwa nguvu kama itabidi.

Ukikwama kwenye jingine lolote na ukataka kuuliza mtu, mtumie picha ya ukurasa wa daftari kama ulivyo, na matope yake na yaliyofutwa. Ukininakilia upya vizuri kwenye simu unakuwa umeshanifutia lile kosa ninalolitafuta.